Kupanda Madaraja au Kutawala Daraja Moja: Ulinganisho wa Vipimo vya Ukuu wa Bondia

Mapambano makubwa ya ndondi yanayopiganwa Las Vegas usiku wa Jumamosi hutufikia Lamu Jumapili asubuhi, mara nyingi watu wakiwa wamekwisha kuswali alfajiri, na kwa sababu hiyo ubishi wake hupata siku nzima ya kukua. Kabla ya adhuhuri hakuna tena anayeuliza nani ameshinda, kwa kuwa hilo kila mtu amelishuhudia. Linalobishaniwa katika baraza za Mkomani na Langoni ni kama mshindi huyo anastahili kuwekwa juu ya fulani wa zamani, na hapo ndipo swali la maumbile linapoingia. Mmoja husema bondia mkubwa ni yule aliyetoka uzani wa chini akapanda huku akiwapiga watu waliomzidi mwili. Mwingine hujibu kwamba mkubwa ni yule aliyeshika daraja moja la uzani kwa miaka mingi asitokee wa kumng'oa. Wa tatu, ambaye kwa kawaida huwa mtu mzima zaidi na mwenye maneno machache, huuliza tu: siku ile walipopanda ulingoni, nani alikuwa mzito, na kwa kiasi gani?

Makala haya yanaviweka vipimo hivyo vitatu sambamba, ili msomaji anayetaka kupanga orodha yake ya mabondia bora ajue kwamba akichagua kimoja anapata nini na anaacha nini. Sitaficha upande wangu: naegemea kipimo cha tatu, cha mzigo aliobeba bondia usiku wa pambano, yaani tofauti ya miili aliyolazimika kuishinda, ingawa kuna mahali ambapo kipimo hicho hakijitoshelezi na ni lazima kisaidiwe na viwili vya kwanza.

Kazi ya mwili mkubwa ulingoni

Watu wengi hudhani kwamba faida ya ukubwa ni nguvu ya ngumi tu. Nguvu ipo, lakini mimi siiweki mbele. Naanza na masafa: mwenye mikono mirefu humgusa mwenzake kabla hajaguswa, na ngumi yake ya mbele humlazimisha mfupi kupita katika eneo la hatari kila anapotaka kushambulia. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini wahenga hao hawakumwona Thomas Hearns, ambaye kwa urefu wa sentimita 185 na mikono iliyofika takriban sentimita 198 ikinyooshwa, aliwaua nyoka wengi kutoka mbali kabisa katika uzani wa welta, ambao kikomo chake ni kilo 66.7. Faida nyingine huonekana mabondia wanapokumbatiana, kwa kuwa mzito humlalia mwepesi na kumning'inia shingoni, hata ikifika raundi ya 8 au ya 9 miguu ya yule mdogo huwa imechoka bila ya yeye kupigwa sana. Kisha kuna uvumilivu wa kupigwa. Bondia anayepanda daraja hugundua kwamba ngumi zile zile zilizokuwa zikiwalaza watu kule chini sasa zinawafanya wapepese macho tu, na wakati huo huo ngumi anazorudishiwa ni nzito kuliko alizozoea.

Ukubwa wa faida hizo hutegemea pia bondia yuko wapi katika ngazi ya uzani. Kilo 4.5 katika uzani wa flai, ambao kikomo chake ni kilo 50.8, ni karibu asilimia 9 ya mwili mzima, ilhali kilo hizo hizo kwa mtu wa kilo 100 hazifiki asilimia 5 na pengine hatazihisi. Ndiyo maana madaraja ya chini yamekaribiana sana na ya juu yameachana, na ndiyo maana si haki kusema kwamba fulani amepanda madaraja matatu na mwenzake mawili bila kutazama umbali uliopo kati ya daraja na daraja. Katika mashindano ya mashua hapa kwetu hakuna nahodha anayesifiwa kwa kutangulia tu, kabla watu hawajajua urefu wa chombo chake na ukubwa wa tanga aliloshindana nalo, na sioni kwa nini ndondi zihukumiwe kwa wepesi zaidi.

Mizani ya jana na mwili wa leo

Kuna jambo moja linalovuruga hesabu zote za madaraja, nalo ni wakati wa kupimwa. Zamani bondia wa kulipwa alipimwa siku ile ile ya pambano, kwa hiyo uzani uliotangazwa ulikuwa karibu na uzani aliopigana nao. Kuanzia miaka ya 1980 upimaji ulihamishiwa siku iliyotangulia, kwa nia njema ya kuwaepusha mabondia na hatari ya kupigana wakiwa wamekaukiwa na maji. Matokeo yake yalikuwa kwamba watu wenye miili mikubwa walijifunza kujinyima maji, kutokwa jasho hadi kufikia kikomo, kupita kwenye mizani, kisha kunywa na kula mpaka kurudia mwili wao kabla ya kengele ya kwanza.

Mfano unaotisha zaidi ni wa Februari 2000, Arturo Gatti alipopigana na Joey Gamache mjini New York. Gatti alipita mizani kwa kilo 64, lakini kwa mujibu wa kipimo kisicho rasmi cha usiku wa pambano alipanda ulingoni akiwa na kilo 72.6, ambazo ni kikomo cha uzani wa kati, madaraja kadhaa juu ya yale waliyokubaliana. Gamache aliangushwa vibaya katika raundi ya 2 na hakupigana tena maishani. Ukikitazama kitabu cha kumbukumbu utaona watu wawili wa uzani mmoja. Ulingoni walikuwa wa uzani mbili tofauti. Shirikisho la IBF, moja ya mashirika manne makubwa yanayotoa mikanda ya ubingwa, lilijaribu kuzuia mambo ya namna hii kwa kuwapima mabondia wa mapambano yake ya ubingwa mara ya pili asubuhi ya pambano, na kukataza mtu kuzidi kikomo kwa zaidi ya takriban kilo 4.5, lakini si mashirika yote yanayofanya hivyo.

Katika ndondi za ridhaa mambo ni tofauti, na hapa Wakenya wana la kujivunia ambalo mara nyingi hulisahau. Katika Olimpiki bondia hupimwa tena kila siku anayopigana, kwa hiyo nafasi ya kujikausha na kujijaza ni ndogo sana. Robert Wangila aliponyakua dhahabu ya welta mjini Seoul mwaka 1988, kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika fainali, alikuwa amewapiga watu wa mwili wake hasa. Na miaka 20 kabla yake, mjini Mexico, Philip Waruinge wa uzani wa unyoya alipata shaba tu, lakini akatunukiwa Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ustadi mkubwa kuliko wote bila kujali uzani. Kwa lugha nyingine, waamuzi wa mwaka 1968 walishaamua kwamba mtu wa kilo 57 anaweza kuwa bora kuliko wazito wote waliovaa dhahabu, na hawakungoja apande daraja ili waseme hivyo. Wanaodai kwamba asiyepanda hana ukuu wangefaa kuanza kwa kulijibu hilo.

Usiku mbili za Manny Pacquiao

Nikitakiwa kuonyesha kwa nini naliamini swali la yule mzee wa barazani, hunitosha kumlinganisha Pacquiao na Pacquiao mwenyewe. Desemba 2008 alimpiga Oscar De la Hoya hadi akashindwa kuendelea baada ya raundi ya 8. Dunia nzima ilishangaa, kwa sababu De la Hoya alikuwa amewahi kushika taji la uzani wa kati na Pacquiao alikuwa ndiyo kwanza ametoka uzani mwepesi wa kilo 61.2. Picha za siku hiyo zinaonyesha mtu mrefu na mtu mfupi. Lakini De la Hoya alikuwa ameshuka hadi welta baada ya miaka mingi ya kupigana juu yake, na vipimo vya usiku ule vilionyesha kwamba alikuwa na kilo 66.7 huku Pacquiao akiwa na kilo 67.4. Yule aliyeitwa mdogo ndiye aliyekuwa mzito, na yule aliyeitwa mkubwa alikuwa amekauka.

Novemba 2010 Pacquiao alipigana na Antonio Margarito kwa ajili ya mkanda wa kilo 69.9, daraja linalofuata welta, ingawa walikubaliana wasizidi kilo 68. Wapinzani wake hulishikilia sana sharti hilo la kikomo cha makubaliano, nao wana hoja, kwani taji la daraja fulani lingefaa lipiganiwe kwa uzani wa daraja hilo. Hata hivyo usiku wa pambano Margarito alikuwa na takriban kilo 74.8 na Pacquiao 67.1, yaani tofauti ya zaidi ya asilimia 11, na Margarito alimzidi pia kwa urefu. Pacquiao alimpiga kwa raundi zote 12 hadi akamvunja mfupa wa tundu la jicho.

Ushindi wa kwanza ndio uliompa umaarufu. Wa pili ndio unaostahili kuandikwa katika hesabu ya ukuu kwa sababu ya ukubwa. Anayehesabu madaraja hatauona utofauti huu, maana kwake usiku zote mbili ni hatua za ngazi moja.

Armstrong na Pacquiao kwa kipimo cha madaraja

Pacquiao ndiye bingwa wa madaraja 8, kuanzia flai ya kilo 50.8 hadi kilo 69.9, na hakuna mwingine aliyefikia idadi hiyo. Henry Armstrong alishika mataji matatu tu: la unyoya Oktoba 1937 kwa Petey Sarron, la welta Mei 1938 kwa Barney Ross, na la uzani mwepesi Agosti 1938 kwa Lou Ambers. Kwa hesabu ya vidole Pacquiao amemwacha mbali.

Lakini Armstrong alipigana wakati ambapo ndondi zilikuwa na madaraja 8 ya jadi kwa jumla (flai, bantamu, unyoya, mwepesi, welta, kati, la kilo 79.4 na mzito), na mataji yale matatu aliyashika kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna aliyelirudia. Leo madaraja yamefika 17, na kila moja lina mashirika manne makubwa yanayogawa mikanda. Njia ninayopendekeza ni kuyarudisha mafanikio ya kila bondia katika madaraja yale 8 ya zamani kisha kuangalia yanabaki mangapi. Pacquiao anabaki na manne: flai, unyoya, mwepesi na welta. Roberto Durán anabaki na matatu, Hearns matatu, na Floyd Mayweather, ambaye anatajwa kuwa bingwa wa madaraja matano, anabaki na mawili. Kwa namna hii Pacquiao bado yuko juu, jambo linaloonyesha kwamba sifa yake haikutokana na wingi wa mikanda ya kisasa tu, ila pengo kati yake na Armstrong linapungua kutoka matano hadi moja.

Ongeza sasa swali la uzito. Armstrong alipompiga Ross alikuwa na kilo 60 na ushei, na bingwa alimzidi kwa takriban kilo 4, katika zama ambazo uzito wa mizani ulikuwa karibu ndio uzito wa ulingo. Kisha aliutetea ubingwa wa welta zaidi ya mara kumi akiwa mara nyingi na mwili wa uzani mwepesi, na mwaka 1940 akaenda sare na Ceferino Garcia akiwania taji la uzani wa kati. Mtu mfupi namna ile, aliyekuwa akiingia chini ya mikono ya wapinzani na kutupa ngumi bila kupumzika, alikuwa akilipa ushuru wa ukubwa kila alipopigana. Mimi humweka Armstrong mbele kwa unyoya mmoja, na simlaumu anayemweka Pacquiao.

Nilipomtaja Mayweather nilikumbuka pambano lake na Juan Manuel Márquez la Septemba 2009. Márquez alitoka uzani mwepesi, walikubaliana kilo 65.3, na Mayweather akapita kikomo hicho akalipa faini badala ya kujipunguza. Alishinda kwa umahiri mkubwa, lakini kipimo cha mzigo kinakatalia ushindi huo uzito wowote wa ziada, kwani bondia mkubwa alimpiga bondia mdogo. Kipimo cha haki hakina budi kukata pande zote mbili.

Durán na Hagler

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu kweli kweli, na ndipo ningemwomba msomaji akae zaidi, kwa sababu wawili hawa ni mfano kamili wa aliyepanda na aliyebaki, na waliwahi kukutana.

Marvin Hagler alitwaa ubingwa wa uzani wa kati mwaka 1980 mjini London na akautetea mara 12 bila kupoteza. Hakupanda wala hakushuka. Orodha ya aliowapiga inapendeza, lakini ukiitazama kwa jicho la ukubwa utagundua kwamba majina yake yaliyo maarufu zaidi yalitoka chini: Durán wa mwaka 1983 alianzia uzani mwepesi na kurudi nyuma zaidi ya hapo, Hearns wa mwaka 1985 alitoka welta, na John Mugabi wa Uganda, aliyepigana naye mwaka 1986, alikuwa amejijengea jina la kutisha katika kilo 69.9. Mtu aliyemvua ubingwa mwaka 1987, Ray Leonard, naye alitoka chini, tena baada ya kukaa karibu miaka mitatu bila kupigana. Anayetaka kumshusha Hagler huishia hapo na kujiona amemaliza.

Mimi naona hajamaliza. Hearns alikuwa mrefu kuliko Hagler na mwenye mikono mirefu zaidi, kwa hiyo kusema kwamba Hagler alimwonea mdogo ni kuzitazama namba za mizani na kuusahau mwili. Raundi tatu zile za Aprili 1985 Hagler alizipita akipokea ngumi za kulia ambazo mwaka uliotangulia zilikuwa zimemlaza Durán kifudifudi katika raundi ya 2. Na miaka 7 ya kuwakabili wote waliotumwa, wa uzani wake na waliopanda, ni kazi ya aina nyingine isiyoonekana katika hesabu ya kupanda. Anayepanda huchagua wakati na mara nyingi huchagua mtu. Anayebaki hungoja atakayeletwa.

Durán upande wake alitawala uzani mwepesi kuanzia 1972 hadi alipouacha mwaka 1979, na tuseme ukweli kwamba katika daraja lile yeye ndiye aliyekuwa na nguvu za kusukuma wenzake. Akapanda hadi welta na Juni 1980 mjini Montreal akamshinda Leonard, bondia kijana, mwepesi wa miguu na mwenye mwili wa welta wa asili. Miezi mitano baadaye aligeuka katikati ya raundi ya 8 akakataa kuendelea, na doa hilo haliwezi kufutwa kwa kusingizia ukubwa, maana Leonard alikuwa na mwili ule ule. Dhidi ya Hagler alishindwa kwa pointi chache katika raundi 15. Kisha likaja pambano la Februari 1989 mjini Atlantic City: Durán ana umri wa miaka 37 na urefu wa sentimita 170, mbele yake yuko Iran Barkley mwenye sentimita 185, bingwa wa uzani wa kati aliyekuwa ametoka kumwangusha Hearns, yule yule Hearns aliyemwangusha Durán. Alimwangusha Barkley katika raundi ya 11 na kupewa ushindi na majaji wawili kati ya watatu.

Kwa kipimo cha madaraja Durán anashinda bila jasho. Kwa kipimo cha utawala wa daraja moja, jambo ambalo mashabiki wa Hagler hulisahau, mwenye miaka 7 ya uzani mwepesi na mwenye miaka 7 ya uzani wa kati wanakaribiana sana. Kwa kipimo cha mzigo, hakuna ushindi wa Hagler unaofikia ule wa Barkley au wa Montreal. Chaguo langu ni Durán, ingawa ningetakiwa kumkabidhi mtu mmoja mkanda na kumwambia aulinde kwa miaka 10, nisingemtafuta mwingine isipokuwa Hagler.

Walioshindwa na wakubwa

Swali la kama kushindwa na mtu mkubwa zaidi kunampunguzia bondia ukuu halihitaji maneno mengi. Ray Robinson, ambaye wengi humweka juu ya wote, alijaribu kumvua Joey Maxim taji la kilo 79.4 mwezi Juni 1952 mjini New York, yeye akiwa na kilo 71.4 na mwenzake 78.5. Alikuwa mbele kwa pointi hadi joto la usiku ule, lililomwondoa hata mwamuzi wa kwanza, lilipomshinda nguvu akashindwa kutoka kwa raundi ya 14. Billy Conn aliongoza dhidi ya Joe Louis mwaka 1941 hadi alipoangushwa mwishoni mwa raundi ya 13, akiwa amempa Louis zaidi ya kilo 11. Kushindwa kwa namna hiyo hakupunguzi kitu katika hesabu ya bondia. Lakini pia hakuongezi sana, na hapa natofautiana na wale wenye huruma nyingi: Kell Brook alipoacha welta akaenda moja kwa moja kwa Gennady Golovkin katika uzani wa kati mwaka 2016, kona yake ikatupa taulo katika raundi ya 5, alionyesha moyo, na moyo peke yake haumweki mtu katika orodha ya wakuu.

Kule juu: Roy Jones na Oleksandr Usyk

Machi 2003 Roy Jones, aliyewahi kuwa bingwa wa uzani wa kati, alimshinda John Ruiz na kutwaa mkanda mmoja wa uzani mzito, yeye akiwa na kilo 87.5 na Ruiz 102.5. Tangu Bob Fitzsimmons alipomwangusha James Corbett mwaka 1897 hakuna bingwa wa zamani wa uzani wa kati aliyefanya hivyo. Usyk naye, baada ya kukusanya mikanda yote ya kruza, daraja lililo chini ya uzani mzito, mwaka 2018, alipanda akampiga Anthony Joshua mara mbili, kisha Mei 2024 mjini Riyadh, ambako saa zao ni sawa na zetu na kwa mara moja tulikesha badala ya kuamka mapema, akamshinda Tyson Fury. Usyk alikuwa na takriban kilo 101.4 na Fury 118.8. Desemba mwaka huo Fury alirudi na kilo 127.5 na akashindwa tena.

Ukipiga hesabu, tofauti ya Jones na Ruiz ni karibu asilimia 17, na ya Usyk na Fury wa mara ya kwanza ni asilimia 17 vile vile. Kwa nini basi namweka Usyk mbele sana? Sababu ya kwanza ni ubora wa aliyepigwa. Ruiz alikuwa bingwa wa kawaida katika zama za Lennox Lewis, na Jones alichukua mkanda wake akarudi chini bila kuonana na wazito wengine. Usyk alibaki, akawatafuta waliokuwa bora, na kila mmoja akampiga mara mbili. Mizani bila jina la mpinzani haitoshi, kama pambano la David Haye na Nikolai Valuev la mwaka 2009 linavyoonyesha: Valuev alimzidi Haye kwa takriban kilo 45, tofauti ambayo haijasikika katika madaraja mengine, lakini alikuwa mzito wa miguu na mwepesi kukwepwa, na ushindi wa Haye, japo halali, haukumfanya mkuu. Mtu akishavuka kilo 100 au zaidi kidogo, kila kilo ya ziada humwongezea faida ndogo kuliko iliyotangulia na humdai pumzi.

Hata hivyo lazima tuwe waangalifu na sifa ya Usyk ya kuwa bingwa wa madaraja mawili. Kruza ni daraja lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Rocky Marciano alikuwa bingwa wa uzani mzito kwa takriban kilo 84, na Usyk wa kruza angehesabiwa katika zama zake kuwa mzito mkubwa tu. Kinachomkuza Usyk ni watu aliowapiga na tofauti ya miili yao, wala si jina la daraja alilotoka.

Crawford, na hatari ya kuamini jina la daraja

Septemba 2025 Terence Crawford, aliyekuwa amepigana mara moja tu katika kilo 69.9, aliruka madaraja mawili akamshinda Canelo Álvarez kwa pointi katika kilo 76.2 na kutwaa mikanda yote. Barazani ilisemwa kwamba ni ushindi wa mdogo dhidi ya mkubwa kuliko wote wa zama hizi. Nauheshimu mno ushindi huo, lakini wawili hao walipopimwa walilingana kilo, kimo chao kinakaribiana, na mikono ya Crawford ndiyo mirefu. Canelo ni mtu mpana aliyejengeka, si mtu mrefu. Mzigo wa Crawford ulikuwa nguvu za mwenzake na ugeni wa daraja, wala haukuwa masafa, na kwa hiyo pambano hili haliwezi kuwekwa kundi moja na Durán na Barkley, ingawa kwa ufundi pengine linalizidi.

Namna ya kuchagua

Anayetaka kujua nani alifanya lisilofanywa na mwingine, ahesabu madaraja, lakini ayarudishe kwanza katika yale 8 ya jadi na aulize kama kulikuwa na kikomo cha makubaliano. Anayetaka kujua nani angetegemewa kila mara, achukue miaka ya utawala wa daraja moja na aangalie kama wapinzani wakubwa wa bingwa walitoka daraja lake au walipandishwa kumjia. Anayetaka ukuu wenyewe, kwa maoni yangu, aanze na usiku tatu au nne bora za kila bondia, na kwa kila usiku aandike uzito wa ulingoni ukijulikana, urefu, mikono, na hali ya mpinzani kabla na baada ya pambano, kisha atumie vipimo viwili vya kwanza kuvunja sare tu. Mapambano ya kabla ya miaka ya 1980 yasomwe kwa mizani yake, na ya baada ya hapo kwa tahadhari.

Jaribio la karibu zaidi la kipimo hiki ni Naoya Inoue wa Japani. Ameanzia ubingwa wa kilo 49, akakusanya mikanda yote ya bantamu mwaka 2022 na ya kilo 55.3 mwaka 2023, na katika daraja hili la mwisho ameangushwa na Luis Nery mwaka 2024 na Ramón Cárdenas mwaka 2025 kabla ya kuinuka na kuwamaliza wote wawili. Hayo ni madaraja manne ambayo kwa hesabu ya jadi yanabaki moja, la bantamu, na mahali pake katika orodha patategemea ni nani atakayempiga huko juu na mtu huyo atakuwa na mwili wa namna gani.